Niliyemgonga Kwenye Mteremko wa Wire

Jumapili, saa moja jioni. Joto la kunata. Mawingu yamejazana juu ya ziwa tangu saa nane, na mvua imekataa kunyesha. Nimeoga mara mbili na bado sijihisi safi.

Mabega yananiuma, shingo ndiyo mbaya zaidi. Haya si maumivu ya baiskeli. Hayo nayajua, huanzia mapajani na kesho yake yanahamia kiunoni. Haya ni ya kubeba maji.

Kwa wiki mbili sijaandika kitu hapa kwenye blogu. Msomaji mmoja aliniuliza kama niko salama, nikamjibu kwamba kazi zimekuwa nyingi. Hazikuwa nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa na jambo ambalo sikuweza kuliandika, na sikuweza kuandika jambo lingine lolote huku nikilizunguka hilo.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni Atieno. Nina miaka thelathini na tisa. Ni afisa wa kliniki katika hospitali ndogo ya kibinafsi hapa mjini Homa Bay, na kazi yangu kubwa ni mifupa iliyovunjika. Wagonjwa huniita daktari, nami niliacha kuwasahihisha zamani. Nilihamia huku kutoka Migori miaka mitatu iliyopita, ndoa yangu ilipofika mwisho wake, nikiwa na masanduku mawili na usingizi usiokuja.

Baiskeli niliipata kwa jirani yangu Ochola, mwenye duka la misumari na mabati. Yeye na wenzake wawili walikuwa wakipakia baiskeli zao kwenye pikapu kila Jumapili asubuhi na kwenda kutafuta vilima. Jumapili ilinifaa, kwa sababu mimi ni Msabato na siku yangu ya ibada ni Jumamosi. Siku moja aliniambia, "Daktari, njoo upande mlima, labda utalala." Nilipanda. Nililala kama jiwe.

Tangu siku hiyo sijakosa Jumapili nyingi. Kupanda kunaniumiza, na bado napenda kupanda. Unaweka gia ndogo kabisa, unainama mpaka kidevu kinakaribia usukani, na unahesabu mawe yaliyo mbele ya tairi, si zaidi ya hapo. Ukiinua macho kutazama kilele umekwisha. Mbuzi wanakutazama kama umepotea njia, na mara nyingi wanakupita.

Lakini kushuka ndiko kulikonifanya nirudi. Kushuka, kichwa changu hunyamaza. Sifikirii Migori. Sifikirii nani analala kwenye kitanda nilichonunua mimi. Hakuna nafasi ya mawazo, kuna jiwe, mzizi, kona, jiwe.

Nilikuwa naogopa sana mwanzoni. Ochola alikuwa akinicheka. "Unashika breki kama mtu aliyebeba mayai." Alilisema kwa wema, lakini lilinikaa. Jumapili ile, wiki mbili zilizopita, nilipofika juu ya mlima wa Wire, upande ule unaoshukia Kosele, nilijiambia kwamba leo sitashika breki mpaka chini.

Sasa naliandika jinsi lilivyokuwa.

Ochola na wenzake walitangulia. Mimi nilisubiri vumbi litulie, kisha nikashuka. Njia ile ni nyembamba, imechimbwa na maji ya mvua katikati, na pembeni ina vichaka vya miiba. Niliingia kwenye kona ya tatu kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo. Na pale mbele yangu palikuwa na mwanamke, amejitwika mtungi wa plastiki wa lita ishirini, anapanda polepole katikati ya njia.

Nilipiga kelele, "Pisha."

Alipisha. Alipisha upande uleule niliokuwa nimeuchagua. Ncha ya usukani ilimpiga kwenye bega. Niliyumba, nikagusa kichaka, nikarudi njiani. Nyuma yangu nilisikia mtungi ukigonga mawe, kisha nikasikia sauti yake. Hakupiga mayowe. Ilikuwa sauti fupi, ya mtu anayeangukia mkono.

Niligeuka mara moja. Alikuwa ameketi chini, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na maji yakitiririka kuja upande wangu.

Sikusimama.

Nimejaribu kujitetea kwa kila njia. Kwamba mteremko ulikuwa mkali na breki zingenirusha. Ni kweli, kwa mita hamsini za kwanza. Baada ya hapo kuna uwanda mdogo, karibu na miti mitatu ya mikaratusi, ambapo hata mtoto angesimama. Niliuona ule uwanda. Niliupita. Nilipofika chini, Ochola aliniuliza mbona nimechelewa, nikamwambia cheni ilitoka.

Mikono yangu hutengeneza mifupa kila siku. Nilijua kwa ile sauti, kabla hata sijageuka, kwamba kifundo cha mkono kimevunjika.

Usiku wa Jumapili na Jumatatu nilijiambia kuna watu kule, watamsaidia. Nilijiambia huenda ameteguka tu. Nilifungua mafaili ya wagonjwa wangu, nikaandika, nikatabasamu, nikanywa chai na wauguzi.

Jumanne, saa tano asubuhi, mlango wa chumba cha plasta ulifunguliwa, na yule mwanamke akaingia.

Alikuwa na binti yake. Sitatumia majina yao ya kweli. Binti nitamwita Pamela, na mama nitamwita Min Pamela, kwa sababu kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe. Pamela huuza omena, dagaa wa ziwa letu, sokoni hapa mjini, na ndiye aliyemleta mama yake kutoka Kosele baada ya mkono kuvimba siku mbili. Walikuwa wameufunga kwa leso na vipande viwili vya mti.

Hakunitambua. Mlimani nilikuwa na helmeti na miwani mikubwa ya bluu inayofunika nusu ya uso. Pale nilikuwa na koti jeupe.

Nilitazama picha ya mfupa, nikafurahi kuwa na kitu cha kutazama. Nikauliza, kwa sababu lazima niulize, na lazima niandike kwenye faili, "Uliangukaje, mama?"

Pamela ndiye aliyejibu. "Alipigwa na watu wa baiskeli. Wale wanaokuja na pikapu kuchezea mlimani. Mtu amemwangusha mama yangu na akaenda zake. Daktari, nikimpata huyo mtu nitamfanya asipande kitu chochote tena."

"Wacha, nyara," mama yake alimwambia. Binti yangu, wacha. "Labda hakuniona."

Niliandika kwenye faili: ameanguka njiani.

Kisha nikafanya kazi yangu. Nilimchoma sindano ya ganzi, nikangoja, nikamshika vidole, nikavuta mfupa mpaka ukarudi mahali pake. Ni kazi ya nguvu na ni kazi ya karibu sana. Unakuwa umeshikana na mtu kama watu wanaosalimiana bila kuachana. Alikuwa akinitazama usoni wakati wote. Nilipoanza kuzungusha plasta nikamwambia kwamba itapata joto, asiogope. Alisema inapendeza, ni kama uji. Nilipomaliza aliinua mkono wake mzima, akauweka juu ya kichwa changu, akaniombea. Mungu anibariki, anipe watoto, anilinde njiani.

Nilisema amina.

Nimeshafanya mambo ya aibu maishani, kama kila mtu. Lakini hakuna linalokaribia lile neno.

Nilimweleza Ochola jioni ile. Nilidhani nikimwambia mtu mmoja mzigo utapungua. Aliendelea kupanga makopo ya rangi kwenye rafu. Halafu akasema, "Si umemtibu? Umemtibu vizuri kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angemtibu. Ukienda kusema sasa, utawasha moto. Utapoteza kazi. Na wazee wa kule watatufungia njia."

Ochola si mtu mbaya. Niliona uso wake ukiwa na hofu, na nikaona ni hofu ileile niliyokuwa nayo pale kwenye mikaratusi. Nilimwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nilishukuru kuambiwa nisiende.

Jumanne iliyofuata Min Pamela alirudi ili nimwangalie vidole, kama plasta haijabana. Alikuja peke yake. Vidole vilikuwa vizuri. Kabla hajatoka alifungua mfuko wake wa kamba na kunitolea njugu, kama kilo mbili, zimebanguliwa zote.

"Nimezibangua kwa mkono mmoja," alisema. "Zimenichukua siku tatu. Ni zako, daktari."

Nikamshukuru. Alipoondoka nilifunga mlango wa chumba cha plasta, nikaketi kwenye kiti cha wagonjwa, nikashindwa kuita mtu aliyefuata. Muuguzi alipokuja kunitafuta nilimwambia kichwa kinaniuma.

Sikuweza kuzila zile njugu. Sikuweza kuzigawa. Zilikaa mezani siku nne, na kila nilipopita niliona siku tatu za mtu.

Jana kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Niliporudi nilimpigia Ochola kumwambia sitakwenda kuendesha leo. Nikamwambia pia ninakokwenda. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi usitaje majina yetu." Nikamwambia sitataja.

Leo asubuhi nilipanda gari mpaka Kosele, kisha bodaboda ikanifikisha chini ya mlima, mahali ambapo pikapu yetu huegeshwa. Kutoka pale nilitembea. Nilidhani naijua ile njia. Nimeipita mara ishirini, labda zaidi. Ilinichukua dakika arobaini kuipanda kwa miguu, na niligundua kwamba sijawahi kuiona.

Kuna nyumba saba kando yake. Saba. Kuna mlango wa kanisa dogo la udongo unaofungukia njiani kabisa, na watu walikuwa wakiimba ndani. Nilikutana na mwanamume anamsukuma kondoo mgonjwa kwenye toroli. Nilikutana na mzee kipofu anayeshika bega la mkewe. Hawa wote walikuwa hapo kila Jumapili. Ukishuka kwa kasi, mtu ni rangi tu inayopita, nyekundu, kijani, kisha hayupo.

Kitu kingine. Wote walikuwa wanatembea wakigeuza shingo. Hatua chache, wanatazama juu ya mlima. Hatua chache tena, wanatazama. Sikuelewa mpaka mama mmoja aliyebeba kuni aliponipita na kuniambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgeni, "Sikiliza juu, dada. Jumapili baiskeli hushuka hapa. Ukisikia mawe yanalia, ingia kwenye miiba."

Nilimuuliza mahali anapoishi Min Pamela. Akanionyesha kwa kidevu.

Nilimkuta ameketi nje ya jiko, bakuli limebanwa katikati ya magoti, anajaribu kuchambua mboga kwa mkono wa kushoto. Aliponiona alisimama. Furaha aliyokuwa nayo usoni sitaisahau haraka.

"Daktari. Umekuja mpaka huku?" Akaanza kutafuta kiti, akaanza kutafuta sufuria. "Hakuna daktari aliyewahi kunitembelea. Kaa, nikupikie chai."

Tulizungumza kwa Kijaluo, ninayaandika hapa kwa Kiswahili jinsi ninavyoyakumbuka.

Nilimwambia, "Mama, kabla sijanywa kitu chako nina neno."

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Homa Bay, mwanzo, katikati na mwisho, na yote yalinitoka. Nikasema, "Aliyekugonga pale kwenye kona ni mimi."

Alinitazama kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Yule mwenye miwani ya bluu," alisema.

"Ni mimi."

"Mimi nilidhani ni mwanamume." Aliketi. Akaliweka bakuli chini, akalitazama. "Uliniona nimeanguka?"

"Nilikuona."

"Ulijua nimeumia?"

"Nilijua."

Kuku alikuja akadonoa mboga kwenye bakuli, na hakuna aliyemfukuza. Nilisikia wimbo ule wa kanisani chini ukifika mwisho na kuanza upya. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa.

"Kuangushwa si kitu," alisema mwishowe. "Hata ng'ombe wangu ameshaniangusha. Unaanguka, unaamka. Kukimbia nako, sawa, ni hofu, watu hukimbia. Lakini siku ile ulinishika mkono. Nikakuwekea mkono kichwani, nikakuombea, na wewe unanitazama machoni."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema amina."

Nililia, na nikajichukia kwa kulia, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulia alikuwa yeye. Aliniacha nilie. Hakuniambia mos, ile pole ya kwetu, wala hakunishika. Nilipomaliza alionyesha mtungi wa plastiki uliokuwa ukutani, mpya, wa manjano.

"Maji yamekwisha," alisema. "Jirani hunichotea, lakini leo yuko kanisani. Chemchemi iko chini, uliipita ukija."

Niliuchukua.

Sikujua jinsi ya kubeba maji tena. Nilikuwa mtoto mara ya mwisho. Chemchemi iko karibu na chini kabisa, na mtungi ukijaa ni kilo ishirini. Kichwani ulinishinda baada ya hatua kumi. Niliubeba begani, nikauhamisha bega la pili, nikaukumbatia kifuani kama mgonjwa. Mwinuko ule ambao huwa napanda kwa gia ndogo nikijisifu, niliupanda nikisimama kila baada ya nyumba moja. Maji yalinilowesha mpaka viatuni. Na kila mara niliposimama nilijikuta nageuza shingo na kutazama juu.

Kwenye kona ile nilisimama zaidi. Nilitaka kuona kama kulikuwa na nafasi. Kama ningeshika breki tangu juu, ningemwona kutoka mbali, kutoka kwenye mti wa pili juu ya kona. Nafasi ilikuwepo, tele. Nilipima kwa macho mara tatu, nikitumaini jibu litabadilika.

Nilipofika, Min Pamela aliinamia mtungi, akachungulia.

"Ni nusu," alisema.

"Yamemwagika, mama."

"Rudi."

Nikarudi. Safari ya pili yule mama wa kuni, niliyekutana naye asubuhi, alinikuta nimekwama. Alivua leso yake, akaizungusha ikawa kata, akaniwekea kichwani na kunitwisha. "Usitazame miguu," aliniambia. "Tazama mbele, shingo itajua yenyewe." Hakuuliza mimi ni nani. Nilifika na mtungi karibu umejaa.

Min Pamela alikuwa ameshapika chai. Alinimiminia kikombe, akaniwekea na viazi vitamu viwili. Nilisita.

"Kunywa," alisema. "Chai ni ya mgeni. Usidhani ni ya msamaha."

Nilikunywa. Ilikuwa na maziwa mengi na moshi. Kisha aliniuliza maswali, moja moja, kama anayechambua mboga. Kama kule hospitali wanajua. Nikamwambia hawajui, na kwamba kesho nitamwambia msimamizi wangu na kusahihisha nilichoandika kwenye faili. Kama nina watoto. Sina. Kama wenzangu wataendelea kushuka Jumapili. Nikasema sijui, ila mimi sitashuka njia ya watu tena, na nitawaambia nilichokiona.

"Wataka kujua kilichonikasirisha?" alisema. "Hukuniuliza hata jina siku ile. Pale njiani."

Lilikuwa kwenye faili, lakini nikamuuliza jina lake. Jina lake mwenyewe, si la mama wa fulani. Akaniambia. Hilo sitaliandika hapa, lakini ninalo.

Niliposimama kuondoka nilimwambia kwamba mkono ukifika wiki ya sita anaweza kutolewa plasta na mtu mwingine, nitampangia. Alisema atafikiria. Halafu akaniita nikiwa tayari langoni.

"Pamela," alisema. "Pamela ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani. Ndiye ananiosha. Amekasirika kuliko mimi, na hasira yake hailali. Mimi sitamwambia. Si kazi yangu kumwambia."

"Nitamwambia mimi."

"Umwambie ukiwa umesimama mbele yake. Usimpigie simu."

Nikakubali. Hakuniaga kwa neno lolote zaidi. Aliinua bakuli lake, akalibana magotini, akaendelea na mboga.

Nikishuka niliwapisha watu wote niliokutana nao. Nilipofika Kosele nilimpigia Ochola. Nilimweleza nyumba saba, kanisa, mzee kipofu, shingo zinazogeuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Unajua hata tukiacha sisi, kuna wengine watakuja." Nikamwambia najua, lakini nauliza kuhusu yeye. Alisema mteja ameingia dukani. Leo ni Jumapili, duka lake limefungwa. Nilimwacha aende.

Kwa hivyo hapo ndipo nilipo. Sijasamehewa. Nilikuwa nimedhani kusema kutanifanya niwe mwepesi, kama mtu anayevua helmeti baada ya safari ndefu. Si hivyo. Najihisi mzito kuliko jana, lakini ni uzito ninaoujua ulipo, na naweza kuubeba hatua kwa hatua nikisimama kila baada ya nyumba moja.

Ninaogopa Pamela. Naandika wazi. Ninaogopa sauti yake, sokoni, mbele ya wanawake wote wa omena ambao nusu yao wamewahi kuwa wagonjwa wangu. Ninaogopa pia barua ambayo huenda msimamizi wangu akaniandikia. Na kuna hofu ndogo ya aibu ambayo sitaki kuificha: naogopa Jumapili zijazo. Bila ule mteremko, nitakinyamazisha vipi kichwa changu? Sijui. Labda hakikutakiwa kunyamaza. Labda kilikuwa na jambo la kuniambia na nilikuwa nalikimbia kwa magurudumu mawili.

Pamela hufungua kibanda chake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wanunuzi hawajafika. Kesho nitakuwa pale wakati anatandaza magunia. Nitasimama mbele yake.

Maandishi haya sitayachapisha sasa. Haifai Pamela ayasikie kutoka kwa mtu aliyeyasoma kwenye simu kabla hajayasikia kutoka kinywani mwangu. Yatakaa hapa kwenye kompyuta. Ukiwa unayasoma, basi ujue nimeshatoka sokoni, na Pamela ameshaniambia aliyokuwa nayo ya kuniambia.